Umeshindaje?

Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
nikitoka zamu ya usiku kiwanda cha biskuti,
naingia bwawa la manispaa, hapa Wrexham,
mvua ikinisindikiza hadi mlangoni.
Sarafu ya pauni kwenye kabati la arobaini,
kofia ya mpira inayonivuta nyusi,
na nywele ndani yake bado zanukia tangawizi.

Nilianza nikiwa na miaka arobaini na saba.
Usinicheke. Korogwe nilikokulia
mto ulikuwa wa kufulia, si wa kuchezea.
Huw akanishika kisogo kama ashikaye yai,
akasema: lala.
Nikalala. Nikazama.
Nikalinywa bwawa la watu na klorini yake yote.
Hadi siku moja, nikiwaza bili ya gesi,
nikasahau kuogopa,
nikajikuta nimegusa ukuta wa pili.

Sasa njia ya sita, ile ya pembeni, ni yetu:
mimi, na Glenys mwenye goti la chuma,
na Bwana Emlyn.
Emlyn ana medali. Zinaning'inia kwenye kioo cha gari lake,
zikigongana kila kona.
Mwaka jana alikuwa wa kwanza,
wanaume, miaka sabini na tano kwenda juu,
wa kwanza kati ya mmoja.
"Dhahabu ni dhahabu," asema, nami simbishii.
Aliyekuwa akishindana naye walimzika Februari,
na kila akivuta pumzi, Emlyn bado hugeukia upande ule,
kuangalia kama amepitwa.

Novemba Glenys akaniandikisha,
jina langu likiwa na makosa mawili.
Mita hamsini, wanawake, mtindo huru.
Sitakudanganya: nilitaka kushinda.
Usiku kucha kwenye mkanda wa biskuti
kila pakiti iliyopita nilikuwa nimeipita mimi.
Na mwanamke wa njia ya tatu, nisiyemjua hata jina,
nilimchukia mabega.

Filimbi.
Mikono ikasahau yote iliyofunzwa,
nikayapiga maji kama mtu aliyevamiwa na nyuki.
Wenzangu wakafika. Wakavua miwani. Wakapeana mikono.
Mimi bado njiani, na watu wakaanza kupiga makofi,
makofi yale, unayajua,
wanayopigiwa watoto na wagonjwa.

Hasira ikanishika, kisha ikaniachia.
Kwani nakimbilia wapi? Ukuta hauhami.
Nikainua kiwiko vile Huw anavyotaka,
nikalaza shavu juu ya maji kama juu ya mto,
na zile mita kumi na tano za mwisho
ndizo pekee nilizoogelea.
Zilizotangulia nilikuwa napigana.

Dakika moja, sekunde tisa.
Juni ilikuwa dakika moja na ishirini na mbili.
Hakuna aliyelijua hilo ila mimi,
na saa ya ukutani yenye mshale mwekundu,
na Glenys, aliyekuwa ameandika nyuma ya risiti ya soksi.

Jioni Mwanakombo akapiga simu kutoka Muheza,
na salamu yake ileile:
"Umeshindaje, dada?"
Nikacheka hadi akaudhika.
Lugha yetu ina ujanja wake.
Aliyebeba kombe ameshinda,
na aliyekaa kutwa kwenye foleni ya hospitali naye ameshinda;
hata ukishinda njaa, umeshinda.
Wahenga hawakuona haja ya maneno mawili.

"Nimeshinda majini," nikamwambia.
"Wa ngapi?"
"Wa mwisho."
Kimya. Nasikia redio yake, na mtu akitwanga kitu.
"Sasa ndiyo umeshinda, au umeshindwa?"

"Jumanne narudi," nikamjibu.
"Kuna kiwiko cha kushoto,
hakijanitii bado."